Darii ya Goliathi ilikuwa kilo ngapi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili hapa Mbeya, nafundisha watoto wa miaka 10 hadi 13. Tunaandaa chati ya ukutani ya vipimo vya Agano la Kale kwa gramu na kilo. Shida ni kwamba kila kitabu ninachofungua kina namba yake: kimoja kinasema shekeli ni gramu 11, kingine 14, kingine 16, talanta nayo mara kilo 30, mara 34, mara 43. Watoto wananiuliza darii ya Goliathi ilikuwa kilo ngapi, na zile shekeli 400 za Ibrahimu ni shilingi ngapi leo. Niandike ipi?

Marahaba, mwalimu. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kwa vipimo vya enzi za wafalme wa Yuda, andika shekeli kuwa gramu 11.3 na talanta kuwa kilo 34. Darii ya Goliathi, yaani vazi lake la vita, katika 1 Samweli 17, shekeli 5,000 za shaba, inafika kilo 56 na ushei. Waambie watoto wawaze mfuko wa saruji wa kilo 50, kisha juu yake wapange pakiti sita za sukari za kilo moja moja. Kichwa cha mkuki wake, shekeli 600 za chuma, peke yake ni karibu kilo 7.

Zile namba nyingine ulizokutana nazo si za uongo. Kila moja ni shekeli ya watu fulani, wa mji fulani, wa zama fulani, na kosa linatokea pale mtu anapoichukua shekeli ya Babeli akampimia mtu wa Yerusalemu. Kwa hiyo kabla hujauliza shekeli ni gramu ngapi, uliza kwanza ni shekeli ya nani.

Neno lenyewe ni geni kwetu kwa sura tu. Shekeli inatokana na kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kupima uzito. Sisi waswahili tunalo neno la ukoo huohuo, tulilolipata kwa njia ya Kiarabu: mithkali, na ndugu yake thakili, yaani zito. Palipo na sh kwa Kiebrania, Kiarabu mara nyingi kina th, na Kiaramu kina t. Ndiyo maana maandishi yaliyomtetemesha Belshaza, mfalme wa Babeli, ukutani yalisomeka MENE, MENE, TEKELI, NA PERESI. Mwaka 1886 Mfaransa Charles Clermont-Ganneau alionyesha kwamba maneno hayo ni majina ya vipimo: mane, mane, shekeli, na nusu. Danieli akayafumbua kwa vitenzi vilivyo ndani yake, kuhesabu, kupima na kugawanya. Mfalme alisomewa orodha ya mawe ya mizani, kisha akaambiwa kwamba aliyewekwa mizanini ni yeye.

Mawe ndilo neno la kushika hapa. Katika Yuda ya wafalme hapakuwa na sarafu. Fedha ilikuwa vipande: vikuku vilivyokatwa, waya, mabaki ya mapambo, mikate midogo iliyoyeyushwa. Ukinunua kitu, vipande vyako vinawekwa upande mmoja wa mizani na upande wa pili linawekwa jiwe. Mwaka 1968 huko Eshtemoa, kusini mwa Hebroni, vilipatikana vyungu vitano vimejaa vipande vya fedha vya namna hiyo, baadhi ya vyungu vikiwa vimeandikwa kwa wino neno "tano". Biblia ya Kiebrania inapotaja kipimo cha uzito mara nyingi haisemi kipimo, inasema jiwe. Kumbukumbu la Torati 25 inapokataza kuwa na vipimo viwili mfukoni, Kiebrania chake ni "jiwe na jiwe", moja kubwa na moja dogo. Nywele za Absalomu, mwana wa Daudi, nazo zilipimwa kwa "jiwe la mfalme".

Na mawe hayo tunayo. Hapa ndipo hesabu yetu inapopata mguu wa kusimamia. Wachimbaji wa mambo ya kale wameyapata mamia katika Yerusalemu, Lakishi na miji mingine ya Yuda, mengi yakiwa ya karne ya 8 na ya 7 kabla ya Kristo. Ni ya chokaa ngumu, yamesuguliwa mpaka yakalainika, juu yamevimba kama kuba na chini yametandazwa ili yasibiringike. Jiwe la shekeli moja ni dogo, unalifumbata ndani ya ngumi. Juu yake imechongwa alama ya kitanzi, mfano wa mdomo wa kifuko uliofungwa kamba, na pembeni mwa kitanzi pana mstari mmoja kwa shekeli moja, miwili kwa mbili. Mtafiti Raz Kletter aliyakusanya na kuyapima katika kitabu kilichotoka mwaka 1998, na wastani aliopata ni gramu 11.33 kwa shekeli. Mwaka 2020 lilitangazwa jiwe la shekeli mbili lililopatikana karibu na Ukuta wa Magharibi, Yerusalemu. Uzito wake ni gramu 23, maana yake 11.5 kwa shekeli moja. Unaona jinsi zinavyokaribiana, na unaona pia kwamba hazilingani sawasawa. Yalichongwa kwa mkono, na chokaa hubanduka.

Kuna mtego mmoja katika mawe haya ambao nataka uujue, kwa sababu unaeleza baadhi ya zile namba zinazogongana. Mawe makubwa zaidi hayana mistari, yana tarakimu za mwandiko wa Kimisri. Lipo jiwe lenye tarakimu ambayo kwa Kimisri husomeka 5, na uzito wake ni gramu 45 hivi. Mtu wa haraka anagawanya 45 kwa 5, anapata 9, anatangaza kwamba shekeli ilikuwa gramu 9. Lakini gramu 45 ni shekeli nne. Lenye alama ya 10 nalo ni shekeli nane, gramu 90 hivi. Maelezo ambayo watafiti wengi wameyakubali ni kwamba mfumo wa Yuda ulifungwa na ule wa Misri kwa ajili ya biashara: Wamisri walikuwa na kipimo chao kiitwacho kedeti, cha gramu 9 na kidogo, na kedeti 5 ni sawa na shekeli 4. Jiwe moja likawa linamtosha mfanyabiashara wa Yerusalemu na mgeni wake kutoka mtoni Nile, kila mmoja akilihesabu kwa hesabu ya kwao.

Kutoka kwenye shekeli, talanta unaipata ndani ya Biblia yenyewe bila kumuuliza mtaalamu yeyote. Fungua Kutoka 38. Watu 603,550 wametoa beka moja kila mtu, na andiko linakuambia beka ni nusu shekeli. Nusu ya 603,550 ni shekeli 301,775. Kisha andiko linasema jumla ya fedha hiyo ilikuwa talanta 100 na shekeli 1,775. Ondoa 1,775, zinabaki shekeli 300,000 kwa talanta 100. Basi talanta moja ni shekeli 3,000. Zidisha kwa 11.33, unapata kilo 34. Wape watoto wako hesabu hii wafanye wenyewe kwenye daftari. Wa miaka 12 ataiweza, na atakapoona imetoka sawa hataisahau. Ukipenda waendelee: dhahabu ya sura hiyohiyo, talanta 29 na shekeli 730, inakaribia tani moja, fedha ni tani 3.4, shaba tani 2.4.

Mane ni ngumu kidogo. Kwa kawaida inahesabiwa shekeli 50, yaani gramu 570 hivi. Ezekieli 45:12 anataja shekeli 20, na 25, na 15, zikijumlishwa kuwa mane, na jumla yake ni 60, kama walivyohesabu Wababeli aliokuwa akiishi kati yao. Kwenye chati andika 50, na pembeni utaje Ezekieli.

Vipimo vidogo navyo vina habari yake. Beka ingetakiwa kuwa gramu 5.7, lakini mawe yenye jina hilo yanasogea kwenye gramu 6. Mwaka 2018 ulitangazwa ugunduzi wa jiwe la beka katika udongo uliochekechwa kutoka chini ya ukuta wa Hekalu, na herufi zake zimechongwa kinyumenyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo. Inadhaniwa mchongaji alikuwa fundi wa mihuri, mkono umezoea kuandika nyuma mbele. Gera ni sehemu ya ishirini ya shekeli kwa maneno ya Kutoka 30:13, nusu gramu na kidogo. Mawe ya gera yaliyopatikana Yuda ni mepesi kuliko hapo, na kuna watafiti wanaoona kwamba sokoni shekeli ilihesabiwa gera 24. Kwa chati ya watoto fuata Kutoka: 20.

Kuna jiwe moja la gera ambalo natamani lingekuwa na picha kwenye chati yako. Lilichimbwa Yerusalemu, katika Mji wa Daudi. Limechongwa mistari miwili, yaani gera mbili, chini ya gramu moja. Walipoliweka kwenye mizani ya leo walikuta uzito wake ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Mwenye jiwe hilo akinunua fedha yako "ya gera mbili" anaondoka na zaidi ya sita. Amosi 8:5 analalamikia watu wanaoipunguza efa, kipimo cha nafaka, na kuikuza shekeli. Wasomaji wengi wanadhani anapiga mafumbo. Shekeli inakuzwa hivyo hasa, kwa jiwe zito lenye alama ndogo, na jiwe la aina hiyo tumelishika.

Jingine ni pimu, theluthi mbili za shekeli, gramu 7.8 hivi. Neno hili limo mara moja tu katika Biblia nzima, 1 Samweli 13:21, pale Waisraeli wanapowapelekea Wafilisti majembe yao kunolewa. Kwa karne nyingi hakuna aliyejua maana yake. Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya King James mwaka 1611 walibahatisha, wakaandika tupa, kile chuma cha kunolea. Karne ya 20 yakaanza kupatikana mawe madogo yaliyochongwa herufi hizohizo, na ikafahamika kwamba andiko linataja bei: pimu moja ya fedha kwa kunoa jembe. Ukikuta tupa katika Biblia ya zamani, hapo ndipo ilipotoka.

Sasa zile namba zako nyingine. Shekeli ya Babeli ilikuwa gramu 8.3 au 8.4, na talanta yao ilikuwa shekeli 3,600, ndiyo ile talanta ya kilo 30. Walikuwa pia na mfumo mzito, maradufu ya huo, na gramu 16 ya kitabu chako imetoka huko. Gramu 14 ni shekeli ya Tiro, sarafu ya fedha iliyoanza kupigwa mwaka 126 kabla ya Kristo, ambayo ilikubaliwa kwa kodi ya Hekalu. Ni ya zama za Yesu: ndiyo iliyokuwa kwenye meza za wabadili fedha, na kwa uwezekano mkubwa ndiyo vipande 30 vya Yuda Iskariote. Ukiizidisha kwa 3,000 unapata talanta ya kilo 42 au 43. Vitabu vya zamani vilifanya hivyo kwa sababu waandishi wake walikuwa na sarafu mkononi, mawe ya Yuda yakiwa bado yamelala ardhini. Kwa Goliathi na Absalomu, achana nayo.

Ukitaka watoto wapate hisia ya shekeli kiganjani, tafuta mzee mwenye rupia ya zamani ya fedha. Rupia zilizotumika Zanzibar, Mombasa na bara, hata zile za Wajerumani, zilikuwa na uzito wa gramu 11.66, yaani tola moja, kipimo kilekile ambacho masonara wa pwani walipimia dhahabu. Tofauti yake na shekeli ya Yuda ni theluthi moja ya gramu. Kiganja hakiwezi kuitambua. Rupia 17 ndani ya kitambaa ndiyo fedha aliyoipima Yeremia aliponunua shamba la Hanameli kule Anathothi, karibu gramu 193, wakati Wababeli wameuzingira mji. Na huyu Yeremia aliishi katika siku zilezile za mawe tunayoyazungumzia. Yaani shekeli yake ndiyo tunayoifahamu kwa karibu kuliko zote za Biblia.

Juu ya shilingi, mwalimu, nakuomba usiandike. Watu huchukua shekeli 400 za Ibrahimu, kilo 4.5 za fedha, wakazidisha kwa bei ya fedha ya leo. Kinachopatikana ni bei ya chuma sokoni mwezi huu, na mwezi ujao chati yako itakuwa imepitwa. Haikuambii Ibrahimu alitoa sana au kidogo. Pima fedha kwa fedha ya humohumo. Waamuzi 17:10, Mlawi anaajiriwa kwa fedha 10 kwa mwaka, pamoja na mavazi na chakula. Kutoka 21:32, fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe ni shekeli 30. Yeremia alipata shamba kwa 17. Ukiviweka hivi mbele ya watoto, watakuambia wenyewe kwamba Efroni, aliyemuuzia Ibrahimu shamba la kaburi, alimpiga mgeni bei kubwa, mshahara wa Mlawi wa miaka 40, na kwamba Ibrahimu, aliyetaka kumzika Sara, aliipima fedha hiyo bila kubishana. Hicho ndicho mwandishi wa Mwanzo 23 alitaka wasikilizaji wake wakisikie.

Jambo la nukta za desimali nalo lisikuponyoke. Kikokotoo kitakuambia darii ni kilo 56.65. Namba hiyo inajifanya kujua kuliko mawe yanavyojua. Shekeli ikiwa 11, darii ni kilo 55, ikiwa 11.6, ni 58. Andika "kilo 55 hadi 58", au "karibu 57". Taji la talanta moja ya dhahabu katika 2 Samweli 12:30, "karibu kilo 34". Hilo la taji watoto watakuuliza, maana shingo gani ibebe kilo 34? Waambie herufi za Kiebrania zilizosomwa "mfalme wao" zinaweza pia kusomwa Milkomu, mungu wa Waamoni, na wafafanuzi wengi wanaona taji lilikuwa la sanamu. Nywele za Absalomu, shekeli 200, "kilo 2 na robo".

La mwisho ni la Agano Jipya, na nalitaja kwa kuwa sisi wasomaji wa Kiswahili ndio tunaoponzwa nalo. Biblia yetu ya Union inasema Mariamu alitwaa ratli ya marhamu ya nardo, na Nikodemo akaleta manemane na udi yapata ratli mia. Babu zetu waliinunua sukari kwa ratli, ratli ya Mwingereza ya gramu 453, kwa hiyo mtu anafanya hesabu na kupata kilo 45 za Nikodemo. Neno la Kigiriki pale ni litra, ratli ya Kirumi, gramu 327 hivi. Marhamu ya Mariamu ilikuwa theluthi ya kilo, na mzigo wa Nikodemo kilo 33. Talanta nayo ikifika kwenye mifano ya Yesu imekuwa jina la fungu la fedha, dinari 6,000, na dinari moja ni kibarua cha siku. Pale usizidishe kilo hata kidogo: hesabu siku za kazi. Yule mtumishi wa Mathayo 18 aliyedaiwa talanta 10,000 alikuwa anadaiwa siku milioni 60 za kibarua, na mwenzake aliyemkaba koo alidaiwa dinari 100, siku 100.